Kijiti cha Umuvumu na Mvua za Vuli

Nyinyi vijana mnaonipita asubuhi na sare zenu za kijani, mmejaza miche kwenye pikapu mnaelekea Nyarutarama katikati ya mwezi wa saba, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, naomba niwaulize swali moja. Mnaenda kupanda au mnaenda kuzika?

Msininunie. Mimi ni mama yenu, na mama akinyamaza ujue amekufa. Nimestaafu, magoti yamegoma, ila mdomo ni mzima kabisa. Miaka yangu yote ya kazi nilipanda bustani za majengo ya biashara ya mji huu wa Kigali: hoteli, maduka ya ghorofa kule Remera, maofisi yenye vioo ambavyo ndege hujigonga wakidhani ni mbingu. Mkiniuliza nimejifunza nini, nina neno moja tu, na mpaka leo nikilisema mwili unanisisimka. Pandeni vuli. Sisi huku tunasema umuhindo, zile mvua zinazoanza Septemba baada ya kiangazi kirefu. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa hiyo yote mawili yananitoka mdomoni, mtanivumilia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi cherehani. Ndiyo, cherehani! Mzee Sudi wa Nyamirambo, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani, akaoa huku, akasahau kurudi. Macho yalipoanza kumsaliti, Mzee Sudi aliacha sindano akafungua kitalu cha miche bondeni, lakini futikamba haikutoka shingoni mwake mpaka anaingia kaburini. "Verediana," alikuwa akiniambia, "mche ni mtoto, shimo ni sare yake ya shule. Usimshonee ya kumbana." Basi tukawa tunachimba mashimo mapana kuliko kina, maana mizizi hupenda kutembea kando. Na mche ukitoka kwenye kiriba, mfuko wake wa kitaluni, na mizizi imejizungusha kama uzi kwenye kigurudumu, aliichambua kwa vidole taratibu, huku akiusemesha, "Pole, pole, umefungwa siku nyingi."

Na mashimo yenyewe myachimbe mwezi wa nane, mkiwa na nafasi. Bustani ya jengo la biashara hupandwa juu ya siri za mafundi ujenzi. Mtakuta mifuko ya saruji, vipande vya vigae, siku moja nilitoa kiatu kizima cha mguu wa kushoto. Vitoeni vyote, mchanganye samadi, muache mashimo yangoje. Mvua ikija ikute meza imeshaandaliwa.

Mvua ya kwanza je? Hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu. Likinyesha wingu la kwanza la Septemba mnakimbilia majembe kama watu wanaogawiwa nyama. Mzee Sudi alikuwa akinishika mkono. "Kaa chini. Hiyo imekuja kusalimia. Sisi tunamngoja yule anayekuja na mizigo yake." Tulingoja mpaka mvua zifuatane, kisha anachimba, anatia mkono hadi kwenye kiwiko, anatafuta mahali ambapo unyevu umefika. Ukikutana na vumbi kavu chini, unafukia, unakwenda kunywa chai.

Siku aliyonitia mkono wangu mwenyewe kwenye lile shimo sitaisahau. Juu udongo ulikuwa baridi na umelowa. Nilipozamisha mkono zaidi, jamani, kulikuwa na joto! Joto la sufuria iliyoepuliwa jikoni ikafunikwa. Nikauchomoa mkono wangu. Mzee akacheka. "Umeona? Jua la kiangazi chote limelala humo. Sasa maji yamelifuata kitandani. Mzizi ukikuta joto na maji pamoja, hauulizi kitu." Nilikuwa binti mdogo, na nilibaki nimechutama pale mdomo wazi, kwa sababu nilikuwa nimeukanyaga udongo maisha yangu yote bila kujua kwamba unaweka akiba ya jua.

Kisha akanipa hesabu ambayo nawapa bure. Ukipanda masika, mwezi wa tatu, mche wako unapata mvua moja, halafu kiangazi kikuu kinaufumania bado mchanga. Ukipanda vuli, unakunywa vuli, unajaribiwa kidogo na jua fupi la Januari, unakunywa masika, na kile kiangazi kikuu kikija kinaukuta mtu mzima. Mvua mbili kabla ya vita. Mwenye jengo naye anapumua, hamwagilii kutwa kucha, hapandi upya kila mwaka, mteremko wake haushuki barabarani na mafuriko, na wapangaji wake wana kivuli. Lakini mwambie hivyo mwenye jengo mwezi wa saba, wakati wa harusi na ufunguzi, uone atakavyokutazama.

Ndiyo maana nataka niwape kisa cha Kagarama.

Bwana Gatera alikulia Uganda, mtu wa kicheko kikubwa na simu mbili. Alinunua kiwanja Kagarama kando ya barabara, akajenga maduka chini, maofisi juu, na uwanja wa sherehe nyuma. Kiwanja kilikuwa cha bibi mmoja ambaye sote tulimwita Mukecuru, ndivyo tunavyomwita bibi mzee kwa heshima huku. Alizaliwa palepale. Na kwenye kona ya kiwanja kulikuwa na umuvumu, ule mti wa jamii ya mikuyu wenye utomvu mweupe. Zamani mtu akijenga nyumba alikata vijiti vya umuvumu akavichomeka kuzunguka boma viwe ua, navyo vikashika, vikawa miti. Nyumba huanguka, watu hutawanyika, miti inabaki. Mahali kama hapo tunapaita itongo, na ukipita unajua palikuwa kwao mtu. Ule ulikuwa mti wa mwisho wa ua wa baba yake.

Mukecuru aliuza kwa sababu uzee ulimshinda peke yake, akahamia kwa binti wa ndugu yake, Remera, ghorofani. Wote waliokua naye chini ya mti ule hawapo tena, na nyinyi si watoto, sina haja ya kuwaeleza. Sharti lake kwa Gatera lilikuwa moja. "Mti usife. Nikiondoka mimi, ubaki wa kusema tulikuwa hapa." Gatera akampa mikono yote miwili, akaahidi.

Kumbe michoro ya jengo ilipotoka, njia ya magari kushuka kwenye maegesho ya chini ilipita juu ya mti. Hapakuwa na pa kuihamishia. Gatera akaniita, ilikuwa mwezi wa saba.

"Mama Vere, hakuna tabu," akasema. "Tunafanya kama wazee. Unakata vijiti vya huu mti, unapanda mbele ya jengo, mti mkubwa unaondoka. Mukecuru anafurahi, magari yanashuka."

"Wazo zuri, bosi. Lini?"

"Kesho! Ufunguzi iko mwezi wa nane."

"Bosi, kijiti cha umuvumu mwezi wa saba ni kuni."

Akanionyesha ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na jengo jingine limefunguliwa wiki ileile, na lo, lilikuwa linapendeza! Nyasi zile zinazokuja zimekunjwa kama mkeka, michikichi ya mapambo mirefu kama walinzi, maji yanarushwa asubuhi na jioni. "Angalia wenzetu," akasema. "Wao wanapanda, wewe unaniambia kalenda."

"Waache wapande. Wewe uliahidi nyasi au uliahidi mti?"

Akazunguka ule umuvumu, simu zikilia mfukoni hazipokei. Mwisho akasema taratibu, "Ikikufa, yule mama nitamwangalia na macho gani?" Akaamuru njia ya magari isimame, mti uachwe mpaka mvua. Mkandarasi alitukana kwa lugha zote za Maziwa Makuu.

Siku ya ufunguzi ilikuwa aibu ya mwaka. Mbele ya jengo tulikuwa na mashimo matupu na udongo uliofunikwa nyasi kavu kulinda unyevu. Magari yalipaki barabarani. Mgeni mmoja mwenye tai akauliza kwa sauti kama ni duka au zizi la ng'ombe. Gatera alicheka na mdomo, macho yake yakawa yananitafuta mimi. Nilijificha nyuma ya spika.

Septemba ikafika, mvua ya salamu ikanyesha, vijana wangu wakaruka na majembe. Nikawazuia kwa ufagio. Ikaja ya pili, ya tatu, halafu ikaja yenyewe, ile inayoangusha maembe na kuwanyamazisha mapadri mimbarini. Nikatia mkono shimoni mpaka kiwiko. Joto na maji. Nikampigia simu Mukecuru.

Alikuja amevaa umushanana, lile vazi la heshima linalofungwa begani, kana kwamba anaoza binti. Akaugusa mti, akauambia maneno yake ambayo hatukuyasikia, kisha akasema, "Haya." Yeye ndiye aliyechagua matawi. Tulikata vijiti vinene kama mkono, vyote vimenyooka isipokuwa kimoja kilichokuwa na panda juu. Nilitaka kukitupa. "Hapana," akasema, "hicho ndicho changu. Kwenye panda kama hiyo baba alikuwa anatundika kibuyu cha maziwa." Tukaviacha kivulini utomvu ukauke, tukavipanda mstari mmoja mbele ya jengo, kichwa juu, maana kijiti cha umuvumu ukikichomeka kichwa chini umekitukana. Kisha msumeno ukalia na mti mkubwa ukaanguka. Mukecuru hakugeuza uso.

Baada ya hapo, kimya. Bogenvilia zangu zilichanua, nyasi zikatambaa, vijiti vikabaki vijiti. Kila Jumapili baada ya misa Mukecuru alikuja na kuuliza lilelile.

"Vere, kimekufa?"

"Bado, Mukecuru."

"Unajuaje?"

Jumapili moja nikapiga magoti nikafukua kwa vidole kando ya kile chenye panda. Udongo ulikuwa laini na vuguvugu. Na pale chini, Mungu wangu, kulikuwa na mizizi myeupe, myembamba kama nyuzi za Mzee Sudi, imetoka kwenye ngozi ya kijiti kila upande inatafuta njia. Juu hapakuwa na chipukizi hata moja. Ukikitazama ungeapa ni maiti. Chini kulikuwa na shughuli kama jikoni kwa wenye harusi! Mukecuru alichutama karibu yangu na umushanana wake ukalowa matope. Alirudishia udongo kwa kiganja, akaubonyeza polepole, namna unavyomfunika mtoto aliyelala.

Nimepanda maelfu ya miche na bado siku ile naiona. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliogopa kwa furaha.

Sasa mnajua mji wetu. Mji huu unafagiwa mpaka barabara inaona haya kuwa barabara. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kila mtu anatoka kwa kazi ya mtaa, na Jumamosi ile mimi nilikuwa Karagwe kwenye msiba wa shangazi. Wafanyakazi wa jengo na majirani wakatoka, wakafyeka, wakafagia, wakazibua mitaro. Wakafika mbele ya jengo la vioo wakakuta mstari wa vijiti vikavu vimesimama. Wewe ungefanya nini? Kijiti kikavu mbele ya jengo jipya, Kigali hii, ni uchafu! Wakaving'oa, kila mmoja akachukua chake cha kuwashia moto.

Nilirudi Jumatatu nikakuta pametandazwa kama meza ya bwana harusi.

"Vijiti viko wapi?" nikamuuliza Solange, msafishaji wa jengo, binti mchapakazi, ufagio wake haujawahi kulala chali.

"Vijiti gani, Mama?"

"Vilivyokuwa hapa!"

"Ile takataka? Tulitoa. Watu walipika nayo." Akaona uso wangu, akaziba mdomo. "Yebabawe! Ilikuwa ya kazi?"

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia mbele za watu, mtu mzima na gambuti zangu. Mti mama ulishakuwa chini ya zege, magari yanashuka juu yake. Hapakuwa na pa kukata kijiti kingine.

Kumwambia Mukecuru ilikuwa kazi yangu, sikumtuma mtu. Nilipanda zile ngazi za Remera nikamkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutoa mawe. "Sawa," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Basi hata itongo hakuna." Hakunifukuza, hakunilaumu, akanipa chai. Jumapili zilizofuata hakuja. Gatera alimpelekea ujumbe kwamba atanunua umuvumu mzuri kitaluni. Alijibu kwamba huo ni mti wa kitalu.

Jua fupi la Januari likapita, masika yakaja. Bustani ikawa ya kuonewa wivu. Kule ng'ambo michikichi iligeuka mifagio, wakaing'oa, wakapanda mingine, nayo ikageuka mifagio. Watu walimpongeza Gatera, naye alikuwa akinionyesha kwa kidole, "Huyu mama hapa!" Mimi nilikuwa napita ule upande mtupu nikitazama viatu vyangu.

Kikaja tena kiangazi kikuu. Solange akajifungua. Huku kwetu mzazi huhembwa, yaani mnakwenda kumtembelea na maziwa, na uji wa mtama, na kelele nyingi, mnamwona mtoto. Tukateremka sisi wa kazini mpaka kwake, chini kidogo ya mteremko uleule wa Kagarama. Kila kitu kilikuwa chekundu kwa vumbi, hata kuku. Uani kulikuwa na waya wa kuanikia, umejaa nepi na vinguo vidogo, upande mmoja umefungwa kwenye msumari wa ukuta, upande wa pili umekaa kwenye mti wenye panda.

Na ule mti ulikuwa na majani.

Nilimwaga uji. Sitanii, ulimwagika wote kwenye gauni la mpishi wa kantini. Majani mabichi, yenye kung'aa, yamesimama katikati ya kiangazi juu ya nepi! Nikausogelea, nikavunja jani moja kwenye kikonyo. Likatoa maziwa meupe.

"Solange! Hiki umekitoa wapi?"

Akatoka mlangoni na mtoto kifuani, macho yamemtoka. "Mama, usinigombeze. Siku ile ya umuganda wengine walichukua vijiti vya moto, mimi nikachukua hii sababu iko na panda, waya inakaa vizuri. Wewe ulikuja unalilia miti, nikaogopa kusema. Mimi niliweka nguzo tu."

"Na majani haya?"

"Ilikuwa inasumbua! Nilikuwa nakata kila siku, yanachafua nguo. Sasa nimezaa, sijapata nguvu ya kukata."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Fikirini, vijana wangu. Kijiti kimeng'olewa mizizi ikiwa michanga kama ndevu za mahindi. Kimeburutwa mteremkoni. Kimechomekwa kwa jiwe na mtu asiyejua, na kwa kuwa panda ilitakiwa kushika waya, basi kichwa kikakaa juu bila mwalimu. Kimeanikiwa nepi. Kimenyonyolewa kila asubuhi na binti anayependa usafi. Na hakikufa! Kwa sababu alikichomeka umuhindo, udongo una joto na maji, na nguo zilipodondosha maji Januari kikayanywa. Michikichi ya ng'ambo ilipandwa kwa mashine na watu wenye kofia ngumu, ikafa. Msimu ule ukikukubali, unakusamehe hata ujinga. Mbele ya jambo hilo mimi sina maneno, na nyinyi mnajua ninavyokosa maneno mara chache.

Mukecuru aliletwa na gari la Gatera mwenyewe. Kile kinjia cha mteremko alikishuka ameshika bega langu. Alipokiona alisimama. Akashika ile panda, akapitisha kidole gumba ndani yake, mahali pa kibuyu. Solange akapiga magoti akaanza kuomba msamaha, naye akamwinua, akamchukua yule mtoto, akakaa naye kwenye kigoda chini ya majani machache yaliyokuwepo.

Gatera alikuwa ameshatoa simu. "Mukecuru, leo leo naleta watu, tunauchimba na udongo wake, tunaurudisha pale kwangu."

"Gatera mwanangu," akasema, "pale kwako nani analala?"

"Walinzi, Mukecuru."

"Walinzi wako wanalala?"

Gatera akacheka mpaka akafuta macho. Mukecuru hakucheka. "Baba yangu hakuzungushia maduka. Alizungushia watoto. Mti umetafuta penye mtoto, uacheni." Kisha akanigeukia. "Lakini kwetu kulikuwa kule juu. Vere, umuhindo ni lini?"

"Mpaka Septemba, Mukecuru. Na huu bado mdogo, tutapata tawi moja tu. Likishindwa hatuna jingine mwaka huu."

"Nitangoja."

Yule mama alikuwa amefikia umri ambao watu hawaahidi hata kesho. Alisema nitangoja kama msichana aliyeambiwa mchumba yuko njiani.

Mvua zilipofuatana, nikatia mkono wangu shimoni, mbele ya jengo, palepale. Nikamwambia na yeye atie wake. Akautoa umejaa matope, akautazama. "Kuna moto," akasema. Tawi alilikata mwenyewe kwa panga, akalishika wima wakati mimi nashindilia udongo. Kijiti kitupu tena, kikavu, kibaya, mbele ya vioo vyote vile.

Akarudia kuja Jumapili baada ya misa. Gatera alimwekea kiti. Nilikuwa nangoja aniulize kama kimekufa, nikawa nimeshaandaa jibu. Hakuuliza hata mara moja.

Jumapili moja akafika bwana mmoja wa harusi, viatu vinang'aa, anatafuta pa kupigia picha. Akakitazama kile kijiti akakunja uso. Solange alikuwa anafagia kukizunguka, taratibu, mwanawe mgongoni. Bwana akamwambia, "Dada, jengo safi hivi, hii kijiti kavu mnaacha ya nini?" Akanyoosha mkono akivute.

Solange akaweka ufagio katikati.

"Usiguse, bwana," akamwambia. "Iko kazini."

Mukecuru pale kitini akaangua kicheko. Sikuwahi kukisikia kabla ya siku ile, kicheko kikubwa cha kijana, mpaka mtoto mgongoni kwa Solange naye akaanza kucheka bila kujua kinachochekesha. Jani la kwanza lilikuwa bado halijatoka.